Bafa Iliyoongezwa Maji

...na bado ni nne nukta saba sita, haisogei, tone la asidi linaachia ncha ya bureti, linapiga uso wa myeyusho, linapotea, na mita ya pH inashikilia namba yake kama mtu aliyeambiwa jambo zito akajibu sawa, nimesikia, asidi ile ingeweza kutoboa koti hili jeupe la kuazima linalombana mabegani, lakini humo ndani ya bika imepokelewa, imemezwa kimya kimya, na yeye amesimama tu, mkono wa kushoto kwenye koki, jicho kwenye mita, na mfukoni simu inatetemeka, inamgonga pajani, inatulia, inaanza tena, ni baba, hana haja hata ya kuitazama, watu wengine wakikosa kupokelewa mara mbili huandika ujumbe, baba yake hupiga mpaka simu yenyewe ichoke, fundi redio yule, hawezi kuamini kwamba kitu kinaweza kuwa kizima na bado kikanyamaza... “Tone jingine, Wakili,” anasema Kasuku, mwenzake wa meza, kajikalia zake juu ya stuli na kalamu mdomoni, na hilo la Wakili ni jina la kule kwenye chama cha mdahalo, walimpa siku alipotetea hoja akashinda, wapinzani wakanung'unika kwamba kapewa upande mwepesi, basi akasema haya, tubadilishane, akatetea upande wao akawashinda kwa hoja walizoziacha mezani wenyewe, ukumbi ukagonga meza, na yeye akatabasamu tabasamu la mtu mwenye msimamo, msimamo gani, mtu anayejua kusema pande zote mbili kwa ufasaha ule ule kajifunzia wapi kama si sebuleni kwao, kati ya meza ya baba iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo na cherehani ya mama, mwambie baba yako chai iko mezani, na baba yupo hapo hapo, anaiona chai, mvuke wa chai unampiga usoni, lakini anasubiri, anasubiri mpaka binti ageuke aseme baba, chai iko mezani, ndipo anyooshe mkono, mwambie mama yako asante, mama, baba anasema asante, mwambie sukari imezidi, na hapo ndipo kazi ilipoanzia, hapo kwenye sukari, maana alimgeukia mama akasema baba anasema chai ni tamu, na mama akatabasamu kidogo kwenye kitambaa alichokuwa akishona, na yeye akahisi kifua kimejaa fahari ya kijinga, kwamba kumbe inawezekana, kumbe neno likipita kwake linaweza kutoka upande wa pili likiwa limenyolewa makali...

Anafungua koki, tone, nne nukta saba moja, “Imeshuka,” anasema, “Imeshuka kidogo tu, ndiyo kawaida yake,” anasema Kasuku akiandika, na mwalimu anapita kati ya meza na mikono nyuma, anaongea kwa sauti yake ya kuwachosha mpaka nzi, “Kumbukeni, bafa si ukuta, asidi haizuiwi mlangoni, inaingia, humo ndani mna wawili, kuna asidi dhaifu hii ya siki na kuna chumvi yake, ukimwaga asidi kali ile chumvi inazidaka ayoni za hidrojeni, inageuka kuwa asidi dhaifu, ukimwaga besi asidi dhaifu inajitoa yenyewe kuituliza, ndiyo maana namba haipepesuki,” inajitoa yenyewe, anasema mwalimu, kana kwamba kuna aliyeiuliza, kana kwamba chumvi ile iliitwa kikao ikaulizwa mwenzetu, uko tayari kudaka kila kitakachomwagwa humu, maana yeye hakuulizwa, hakuna aliyemkalisha chini akamwambia mwanangu, kuanzia leo wewe ndiye utakayekaa katikati, siku ile kaka yake alipoondoka kwenda kutafuta kazi mbali yeye alikuwa bado anavaa sare ya shule, akarudi kutoka darasani akamkuta mama ameketi sakafuni kwa jirani, kapata habari kwa jirani, kwamba mwanawe wa kwanza ameonekana kituoni na begi na baba yake kamsindikiza, na baba alikuwa amejua kwa wiki nyingi, alijua tarehe, alijua basi, alimnunulia mwana viatu, na akala mezani na mama kila siku akinyamaza, na alipoulizwa kwa nini akasema nilitaka asianze kulia mapema, kwa huruma kabisa, kwa uso wa mtu aliyetenda wema, na mama akasema mtu anayeweza kunyamaza namna hiyo basi na aendelee kunyamaza, na tangu siku hiyo hawajasemezana, wanaishi nyumba moja, wanalala kitanda kimoja, wakigonganisha viwiko jikoni wanapishana kama abiria, na kila neno linalotaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake linapitia shingoni mwake, Bunge hili linaamini kwamba mtoto si waya, hoja hiyo angeisimamia mbele ya jukwaa lolote asubuhi yoyote bila karatasi, waheshimiwa majaji, angewaliza... simu inatulia. Simu inaanza tena.

Ujumbe wa sauti wa baba aliusikiliza mlangoni kabla hawajaingia, sikio moja limezibwa kwa kidole kwa sababu ya kelele za ujenzi wa bweni jipya, na sauti ya baba ilikuwa ya chini, ya mtu anayejificha kwenye nyumba yake mwenyewe, “Mwanangu, hivi mama yako uliniambia anakwenda kwa mama yako mkubwa kupumzika siku chache, sasa mbona namwona anafungasha mpaka cherehani, mtu akienda kupumzika siku chache anabeba cherehani ya chuma, hebu nieleweshe, mjomba wako kasema anakuja na pikapu mchana, pikapu ya nini, nipigie,” na hakupiga, alisema moyoni nitapiga baada ya maabara, kama kawaida, kila kitu baada ya kitu kingine, akavaa koti, akavaa glovu, na sasa mchana wenyewe ndio huu unaingia kwa madirisha ya juu, pikapu ya mjomba huenda iko njiani, na yeye anahesabu... hapana, hahesabu, anadondosha tu, tone, nne nukta sita, nne nukta nne, “Ngoja kwanza,” anasema, “hii inashuka upesi mno, hata robo ya bureti hatujafika,” na Kasuku anainama kuitazama mita, anaigonga kwa ukucha, “Labda mita ina njaa,” “Kasuku, mita haina njaa, tumeipima na myeyusho wa kiwanda asubuhi hii hii mbele ya macho yako, bafa hii umeifanyaje?” “Mimi?” “Mimi sikuitengeneza peke yangu,” “Sikuifanya kitu, bibie, ila...” “Ila?” “Ila ilikuwa haitoshi, na meza ya nyuma walikuwa wanaomba, nikaongeza maji kidogo,” “Kidogo kiasi gani?” “Kidogo cha kutosha,” anasema Kasuku, na anacheka, halafu anaacha kucheka, “lakini niliiangalia mita, naapa, nilimwaga maji na namba haikusogea hata kidogo, nne nukta saba sita kabla, nne nukta saba sita baada, nikajua haina neno,” na kweli, hapo ndipo kosa la watu wa maabara linapojificha, asiyejua kemia asingelifanya kwa sababu asingekuwa na mita ya kumdanganya, namba ya bafa haitokani na wingi wa vile viwili, inatokana na uwiano wao, ukiongeza maji vyote viwili vinapungua makali kwa pamoja, uwiano unabaki pale pale, mita inakusomea salama, salama, salama, na kumbe kila bika unalolijaza lina wadakaji nusu, robo, chini ya robo, na huwezi kujua kwa kuiangalia, utajua siku utakapoimwagia...

...na watu wanamwangalia yeye wanasema huyu binti mtulivu, shangazi anasema huyu ndiye nguzo ya nyumba hiyo, mama mkubwa anasema bila huyu wale wangeshaachana, salama, salama, na kila mwaka kaongezewa maji, mwaka wa mitihani, mwaka wa kuja chuoni, kupokea simu ya mama kwenye foleni ya chakula na ya baba kwenye ngazi za maktaba, na uwiano umebaki vile vile, mama kidogo baba kidogo, haki sawa kwa wote, na namba haikusogea, hata jana haikusogea, jana jioni alipopita nyumbani, mama akamwita chumbani akashusha pazia, akakaa kitandani na utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni, akasema kwa utaratibu, bila kulia, mwambie baba yako naenda kwa dada yangu, na sirudi mpaka yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aje aniambie nirudi, umesikia, useme hivyo hivyo, na yeye akasema nimesikia, akatoka, akatembea ukumbini ule mfupi, na katika kutembea huko presha ya baba ikaingia kichwani, na vidonge vya baba, na uso wa baba siku ile ya kaka, na alipofika kwenye meza ya redio mdomo ukafunguka wenyewe ukasema baba, mama anakwenda kwa mama mkubwa siku chache, kupumzika... Siku chache. Kupumzika. Mama hakusema siku, wala chache, wala kupumzika. “Wakili, usiniangalie hivyo, ni maji tu,” anasema Kasuku, “Sikuangalii wewe,” “Unamwangalia nani sasa?” na tone limedondoka lenyewe, koki haikufungwa vizuri, tatu nukta tisa.

Baba alimwambia, siku aliporudi likizo ya kwanza akiringa na neno lake jipya, bafa, bafa, akidhani amelileta nyumbani kama zawadi, baba alicheka bila kuinua macho kwenye lehemu, akasema hata mimi ninazo, ziko kwenye kopo pale, akamwonyesha kidude cheusi chenye miguu ya mdudu, “Yenu inafanya nini?” “Inazuia pH isibadilike,” “Haya, yetu inafanya kinyume, inahakikisha kilichosemwa kinafika kama kilivyosemwa,” na akachukua kipaza sauti cha zamani, kile cha nyumba ya ibada kilicholetwa matengenezo kikasahauliwa, akakiunganisha moja kwa moja na amplifaya, akasema haloo, na haloo ikatoka nyembamba, imekonda, kama inaongea kutoka kisimani, “Umeona, huyu anayesema ni dhaifu na huyu anayesikiliza ana kiu, anamnyonya mpaka anazimia,” akaweka kile kidude katikati, akagusa kwa lehemu, moshi ukapanda, haloo, na nyumba nzima ikajaa haloo, “Huyu wa katikati anasikiliza bila kunywa kitu, halafu anasema neno lile lile, volti ile ile, ila kwa nguvu zake,” “Nguvu anazitoa wapi?” “Kwenye betri yake mwenyewe, hamchoshi aliyesema,” “Na akipewa neno kubwa kuliko betri yake?” na baba akanyanyua macho hapo, alipenda maswali ya namna hiyo, “Anakata vichwa, wimbi linakuja na kilele chake, kilele kinabaki nje, unasikia sauti imepasuka,” na yeye akasema kumbe, na mama kwenye cherehani, bila kugeuka, akasema mwambie baba yako makelele hayo yanaamsha watoto wa watu, na yeye akasema baba, mama anasema sauti ni nzuri lakini punguza kidogo... Kakata vichwa. Neno la mama jana lilikuwa na kilele, sirudi mpaka yeye mwenyewe, kilele kile kilizidi betri yake, mtoto ana betri gani ya kubeba neno la namna hiyo, ni nani aliyewahi kumuuliza betri yake inachajiwa wapi, lakini ukikata kilele cha neno lile hubaki nini, hubaki mwanamke anayekwenda kupumzika, na mlango ambao baba angeweza kuupita ulikuwa kwenye kilele, aje aniambie, maneno mawili tu yalitakiwa kufika na ndiyo mawili aliyoyaacha ukumbini...

“Meza hii vipi?” mwalimu amesimama nyuma yao, “Inashuka upesi, mwalimu,” anasema Kasuku kwa sauti ya mtoto mwema, “tunadhani bureti,” “Bureti haina kosa,” anasema yeye, na anashangaa jinsi sauti yake ilivyo kavu, “bafa imeongezwa maji,” na Kasuku anamkata jicho, na mwalimu anaguna, “Basi endeleeni, muone mwisho wake, mchoro wa bafa iliyochoka nao ni mchoro,” anaondoka, na Kasuku ananong'ona, “Ahsante sana, msaliti,” na yeye anasema pole, na simu inatetemeka, na lile linalomfanya asahau koki si hilo la siku chache, hilo amelijua tangu jana, amelala nalo, ni kilichofuata, ni kile ambacho mpaka dakika hii alikuwa hajakitazama usoni, kwamba baba aliposikia mama anakwenda kupumzika alisema vizuri, apumzike, kwa moyo mweupe, maana kweli amechoka, cherehani inamuumiza mgongo, na yeye akarudi ukumbini ule ule, na mama bado amekaa kitandani, mikono mapajani, na mama akauliza, kasema nini? Na safari hiyo, kwa kuwa neno lilikuwa tayari laini, kwa kuwa halikuwa na kona ya kunyoa, alilibeba kama lilivyo, mara moja katika maisha yake alikuwa mwaminifu kama kidude cha baba, akasema, amesema vizuri, upumzike... na mama akasema aha. Aha tu. Akauvua utepe wa kupimia shingoni akaanza kuuzungusha kidoleni. Yaani mama alisema sirudi mpaka uniambie, na jibu alilolipata ni vizuri, upumzike. Alimwomba mumewe neno moja akaletewa ruhusa ya kuondoka. Na usiku mzima amelala kando ya mtu aliyemjibu hivyo, na huyo mtu hajui kwamba alijibu, hajui hata kwamba aliulizwa, na asubuhi kaanza kufungasha cherehani, si kwa hasira, masikini, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa apishe... tatu nukta moja, mbili nukta nane, hakuna wa kudaka tena humo, kila tone sasa linaingia na jina lake.

Na hasira aliyoizoea inakuja, ile nzuri ya jukwaani, inatafuta wa kumkalia kooni, baba aliyenyamaza, mama aliyeapa, kaka aliyepanda basi, watu wazima wawili wenye ndimi zinazofanya kazi wanaomtumia mtoto kama tundu la ukutani, na hoja zote ni za kweli, angeshinda, lakini hasira inafika mahali inasimama, kwa sababu kuna mtu mwingine hapo anayejua tarehe na basi na anakula mezani akinyamaza kwa huruma, anayetaka mwenzake asilie mapema, na safari hii si baba, na baba atajua kwa pikapu kama mama alivyojua kwa jirani, ni kosa lile lile limegeuzwa upande, na kwa huruma ile ile, uso ule ule wa mtu aliyetenda wema, anaouona sasa kwenye kioo cha kabati la kemikali, wenye miwani ya plastiki, na siku zote aliogopa kwamba akitoka katikati nyumba itaanguka, kwamba wawili wale wakigusana moja kwa moja mmoja atamnyonya mwenzake mpaka azimie, na huenda ni kweli, hajui, hakuna aliyewahi kujaribu, lakini swali ambalo jaji mzuri angeuliza si ipi ni bafa bora, ya siki au ya betri, ni nani kasema lazima kuwe na kitu katikati, chumba na meza ya redio vimetenganishwa na hatua chache na pazia...

“Funga koki,” anasema Kasuku, “Wakili, funga, imefika mbili,” na anaifunga, na anaivuta glovu ya mkono wa kulia kwa meno, ina ladha ya unga wa mpira, kwa kuwa simu haitambui kidole chenye glovu, na mwalimu yuko meza ya mwisho kawapa mgongo, na simu mkononi ni ya moto na inatetemeka, jina la baba linawaka, bado hajapokea, kidole kiko juu yake, lakini sentensi imeshasimama mdomoni na kwa mara ya kwanza haijapita popote kunyolewa, baba, siku chache ni maneno yangu, mama hakuyasema, mama alisema harudi mpaka wewe mwenyewe umwambie, na lile la vizuri apumzike nilimpelekea, ndilo jibu alilonalo, nimekosea, na usinipe la kumpelekea lingine, simpelekei, yuko chumbani, nenda, na baada ya hapo hatasema kitu, ataishikilia simu sikioni asikie kiti kinaburutwa, asikie pazia, na baba atakapoanza vibaya, maana ataanza vibaya, hajazoea, atauma ulimi asimsaidie.